Mfarishi wa Vipande vya Sare

Nilipostaafu, wenzangu waliniaga kwa saa ya ukutani na maneno matamu, na wote walidhani nakwenda kupumzika. Nipumzike nimefanya nini? Nimefundisha sanaa katika shule za msingi za Nachingwea tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na miaka yote hiyo nilifundisha rangi bila kuwa na rangi. Nyekundu tuliikoroga kwa udongo wa njiani, njano kwa bizari, buluu kwa ile bluu ya kufulia mashati meupe, nyeusi kwa mkaa. Kijani kilitushinda. Tuliponda majani ya mpapai, tukaponda kisamvu, tukaponda kila kilichoota nyuma ya darasa. Asubuhi picha ilikuwa ya kijani, mchana imeshakuwa kahawia. Wanafunzi wangu walichora mashamba ya mahindi makavu tu, kwa sababu mahindi mabichi hayakuwa na rangi ya kupakwa.

Kwa hiyo siku cherehani nililolinunua kwa mafao yangu lilipoteremshwa kwenye guta na kuingizwa sebuleni, nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilikaa, nikaweka miguu, nikakanyaga bila hata uzi, nisikie tu sauti yake. Mume wangu, mzee ambaye muda mwingi yuko kwenye mikorosho yake huko Naipingo, alirudi akanikuta hivyo. Akauliza ikiwa nimeacha ualimu nikaanza ufundi, ugali utapikwa na nani. Nikamwambia ugali hauna cheti, anaweza kuupika mtu yeyote. Akaupika. Ule wa kwanza tuliunywa, wa pili tukautafuna, na sasa anajisifu kwa majirani kwamba mkono wake ni mzuri kuliko wangu.

Nilianza na vitu vidogo. Mikoba ya salfeti niliyoitia kitenge ndani, vitambaa vya makochi, doli zenye nywele za uzi, hata kofia ya kufunika redio. Kila nilichomaliza nilikitundika ukutani nikasimama mbali, nikafinya macho. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto: ukitaka kujua rangi zinapatana au zinagombana, finya macho, acha maumbo yapotee, zibaki rangi peke yake. Nilifinya macho mpaka mzee wangu akashauri niende hospitali ya macho.

Kisha nikaona mfarishi. Niliuona kwenye simu, wanawake wa nchi ya mbali wanaunga vipande vya nguo, pembe kwa pembe, mpaka vinakuwa blanketi la kufunika kitanda kizima. Nilitazama mpaka bando likaisha. Moyo ulinidunda kama wa msichana aliyeletewa posa. Kumbe nimezungukwa na rangi miaka yote! Nachingwea nzima inavaa vitenge, mafundi wanakata, na vipande vinabaki chini ya meza.

Sokoni nina fundi mmoja ambaye nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa hawezi kuchora mstari ulionyooka hata kwa rula, na leo ndiye anayewakatia suruali wanaume wa nusu ya mji. Alikuwa akivichoma vipande vyake kila jioni. Nilipomwambia aniwekee, akacheka.

“Ticha, hizo si takataka tu? We beba zote.”

Nikabeba zote. Wiki iliyofuata akaniletea na kiroba kingine kutoka kwa fundi mwenzake wa Ruangwa, kimeshindiliwa mpaka mdomo haufungi. Sikuuliza vilitoka kwenye nguo za nani. Unauliza maji ya mvua yametoka kwenye wingu gani?

Lazima nieleze hapa habari za mdogo wangu, maana mfarishi huu ulikuwa wa kwake kabla hata sijaukata. Ameolewa Mandawa, upande wa Ruangwa. Ni mke mkubwa. Bi mdogo anakaa Mbwemkuru, na shemeji anagawa siku zake kati ya nyumba hizo mbili. Miaka yote wake wenza hawa hawakuwahi kugombana, kwa sababu ilikuwa nadra kukutana. Kisha mwaka jana mtoto wa kwanza wa bi mdogo akatoka jando, na ukoo wa shemeji ukashona sare.

Sare kwetu si nguo tu. Kitambaa kikishachaguliwa, kila anayehesabiwa kuwa mtu wa karibu huletewa kipande chake, au angalau hupelekewa habari akanunue. Asiyeletewa ameshaonyeshwa mahali pake bila mtu kufungua kinywa. Mdogo wangu hakuletewa. Alikuwa barazani anapepeta ufuta siku magari mawili yalipopita mbele ya nyumba yake, yamejaa wanawake wa ukoo, mawifi zake aliowauguza na kuwapikia uji wa uzazi, wote nguo moja, wanaimba. Walimpungia mkono. Na yeye akawapungia, akaendelea kupepeta.

Alinisimulia kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua imechelewa. Mimi nilivimba. Hakuniambia kitambaa kilikuwa cha rangi gani na mimi, mwalimu wa rangi, sikuuliza. Nilimpigia shemeji nikamwambia yote yaliyonijia kichwani, na yaliyobaki nikampigia wifi mkubwa, dada yake shemeji, ambaye ndiye aliyesimamia sare ile. Kufikia jioni Mbwemkuru yote ilikuwa inajua kwamba mke mkubwa ana dada yake Nachingwea ambaye mdomo wake hauna breki. Mdogo wangu alininunia kwa muda mrefu. Alisema nimemfanya aonekane mtu aliyekwenda kushtaki.

Basi mwaka huu, ufuta ulipokuwa unaanza kukauka shambani, akapiga simu. “Dada, mwanao anaolewa.” Mwanangu huyo ni binti yake wa kwanza, msichana mpole, chanda chema kabisa cha kuvikwa pete. Nilipiga kigelegele hapo hapo, mzee wangu akatoka jikoni na mwiko. Kisha mdogo wangu akaniambia jambo lingine. Alikuwa ameshachagua sare ya harusi, kitenge cha zambarau, na kipande cha kwanza kabisa alikikata akampelekea bi mdogo, kwa bodaboda, kimefungwa vizuri kwenye karatasi.

Nikamuuliza kama ana homa.

Hakucheka. Alisema anataka siku ya mwanawe ipite bila neno. Alisema ukoo ule unamtazama, unangoja aonyeshe kinyongo ili upate la kusema, na binti asije akaanza nyumba yake huku watu wanakumbuka ugomvi wa mama zake. Alisema bi mdogo akikaa kwenye mkeka wake, akala pilau yake, akaondoka kwa heshima, basi yeye atakuwa ameshinda bila kupigana.

“Nakuomba, dada,” akasema. “Siku hiyo njoo na mikono yako. Mdomo uuache Nachingwea.”

Nikaapa. Na kwa kuwa mdomo umefungiwa, nikaamua mikono iseme kwa niaba ya viungo vyote. Nitamshonea mwanangu mfarishi ambao Mandawa haijapata kuuona.

Jamani, siku zile! Niliamka na rangi, nikala na rangi. Nilimwaga viroba vyote sebuleni, nikavifua kwanza vipande vyenye rangi kali kwa maji ya chumvi visije vikachuja na kuharibu wenzao, nikavianika kwenye waya mpaka ua likawa kama kuna maulidi. Nikakata vipimo viwili kutoka kwenye boksi la sabuni, kimoja cha pembe nne na kingine cha pembe tatu, nikakata vipande kwa vipimo hivyo hivyo. Nikavipanga kwenye mkeka, nikapanda juu ya stuli nivione kutoka juu, nikafinya macho, nikashuka, nikahamisha kimoja, nikapanda tena. Kuku walipita katikati na mara mbili walinishauri vizuri. Nyekundu nilizisogeza pembeni, njano zikafuata, halafu buluu iliyopoa. Katikati palibaki patupu. Kila nilichoweka pale kilikataa. Nyekundu ilipiga kelele, nyeusi ikawa shimo, nyeupe ikawa kama kidonda kilichofungwa bandeji.

Chini kabisa ya kiroba cha Ruangwa, nyuma ya mabaki ya mashati ya shule, ndipo kilipokuwa. Kitenge cha kijani, kijani cha majani ya ufuta mvua ikishaosha vumbi, na juu yake vipepeo vidogo vya njano. Nilipiga ukelele. Mzee wangu alikuja mbio na panga akidhani nimekanyaga nyoka. Nikamwonyesha. Alitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, akarudisha panga mahali pake.

Kijani nilichokitafuta kwa mpapai na kisamvu maisha yangu yote kilikuwa mkononi mwangu, na hakibadiliki mchana. Nikakata nyota kubwa ya pembe nane nikaiweka katikati, na rangi zote zikatulia. Hapo sikuhitaji hata kufinya macho. Ndani nikatia blanketi jepesi kuukuu, chini shuka jipya, nikatunga matabaka yote matatu kwa mkono, mshono juu ya mshono, huku naimba. Nilipomaliza nilijipongeza kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kunipongeza kwa wakati ule isipokuwa kuku.

Nilipoteremka basi Ruangwa nilipanda bodaboda mpaka Mandawa, mfarishi umefungwa ndani ya salfeti mbili ili vumbi jekundu lisipenye, mimi mwenyewe nimebadilika kuwa tofali. Mdogo wangu alinipokea kwa kunipukuta. Ndoa ilifungwa asubuhi, shehe akaomba dua, wanaume wakala, kisha zamu ikawa yetu wanawake kumtunza bibi harusi. Alikaa kwenye mkeka mpya, kichwa kimeinama, hina mpaka viwikoni. Spika mbili zilikuwa zinatikisa mabati.

Bi mdogo alikuwepo. Sikuwa nimemwona karibu kabla ya siku ile. Mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani, mwembamba, amevaa zambarau kama sisi sote, amekaa pembeni ya mkeka, na pembeni yake wenzake wameacha nafasi ya mtu mmoja. Nikamwendea nikampa mkono, nikamuuliza habari za nyumbani, akajibu njema, shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikaishia hapo. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kutoka jikoni, na nilimwona akishusha pumzi. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyepata vema kubwa kwenye daftari.

Mshereheshaji akaita: mama mkubwa wa bibi harusi, mwalimu wetu kutoka Nachingwea, apite mbele. Nikapita ninacheza, mfarishi umekunjwa juu ya kichwa, magoti yangu yamesahau umri wao. Nilikuwa nimeshaupanga wakati huu tangu nyumbani. Rafiki wa bibi harusi akashika pembe mbili, mimi nikashika mbili, nikahesabu kimoyomoyo, tukaufungua kwa mkupuo mmoja.

Vigelegele vikaanza. Vilianzia nyuma, kwa majirani na vijana, kwa nguvu kabisa. Lakini mbele, walikokaa wanawake wa ukoo wa shemeji, havikufika. Vikafa kimoja baada ya kingine mpaka muziki ukabaki unapiga peke yake. Nilidhani labda wameduwaa kwa uzuri. Nikautikisa mfarishi kidogo, nyota ikacheza.

Wifi mkubwa alisogea mpaka begani kwangu.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “leo umeamua.”

Nikamuuliza nimeamua nini. Akaonyesha nyota kwa kidevu.

“Hiyo si sare yetu ya jando?”

Sikuuachia mfarishi. Nilitazama mbele, uso kwa uso, na kila uso ulikuwa umeshaelewa: yule dada mwenye mdomo, aliyetupigia simu akatutukana, amengoja mwaka mzima, amekuja kutufungulia sare ile mbele ya watu wote, yeye na mdogo wake wamemwalika bi mdogo wamketishe mkekani wamwaibishe. Ilikuwa imepangika vizuri hivyo. Kama ningekuwa mimi mmoja wao, hata mimi ningeamini. Nani angekubali kwamba mwalimu wa rangi, mwanamke niliyetumia siku nzima kuchagua kile kipande kimoja kati ya mamia, sikujua nimechagua nini? Nikamtazama bi mdogo. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake mdomoni, na mkono wa pili unatafuta mkoba chini, tayari kuinuka.

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mdomo wangu ulitaka kusema ukakosa neno. Nilichoona ni kwamba akivuka tu kile kizingiti cha ua, siku ya mdogo wangu imekwisha, na mwenye kuiua ni mimi.

Mdogo wangu alitoka jikoni. Nadhani kukatika kwa vigelegele ndiko kulikomwita. Alikuja anafuta mikono kwenye nguo yake mpya, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mfarishi. Kitambaa kile alikuwa amekiona mara moja tu, kinapita kwenye gari, lakini hakuhitaji kuelezwa. Aliweka kiganja juu ya nyota, akakipitisha polepole, kama anavyopima homa ya mtoto. Kisha akamwashiria mshereheshaji azime muziki.

“Kitambaa hiki kilipita hapa nyumbani kwangu,” akasema, wala hakupaza sauti. “Nilikiona kwa macho. Leo kimenifikia.”

Wifi mkubwa alitazama vidole vya miguu yake. Mdogo wangu akamgeukia bi mdogo, ambaye sasa alikuwa amesimama na mkoba mkononi.

“Mwenzangu, njoo ushike huku tumfunike mtoto wetu. Mfarishi mzito huu, na dada yangu ameshazeeka.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine, na kicheko hicho kilinipita mimi kikaenda kuwafungua watu vifua. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nizeeke hata mara saba kama ndiyo bei yake. Bi mdogo hakucheka. Alisimama, na sote tuliona anachagua. Kisha akauweka mkoba chini, akaja, akashika pembe nilizomwachia, na mdogo wangu akazipokea zile za rafiki wa bibi harusi. Alikuwa anatazama vile vipepeo, si watu. Muziki ukarudi. Wake wenza wale wawili wakaucheza mfarishi kutoka pale niliposimama mpaka kwa bibi harusi, taratibu, bega huku bega kule, wakamfunika mabegani. Safari hii vigelegele vilianzia mbele. Wifi mkubwa alichelewa kidogo, lakini alipiga, na kwa haki ya Mungu ana kigelegele kizuri.

Mimi nilikaa chini nikalia na kucheka kwa pamoja, mpaka jirani mmoja akaniletea maji.

Jioni, wageni walipoanza kuondoka, bi mdogo alikuja jikoni kuaga. Wawili hao walizungumza kidogo mlangoni, mambo ya gari na mtoto aliyeachwa kwa bibi yake, maneno ya kawaida tu. Mdogo wangu akamfungia pilau kwenye bakuli lenye mfuniko, akamwambia bakuli alirudishe mwenyewe, asimpe mtu. Akaitikia, akaenda.

Tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu, tumechuchumaa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria kwa majivu. Nilikuwa nangoja anigombeze. Kwa kweli nilitaka anigombeze, ningepumua. Alisugua sufuria lake mpaka likang'aa, kisha akauliza bila kuinua kichwa.

“Dada, ulijua?”

“Wallahi sikujua.”

Akamwaga maji machafu, akatazama yanavyozama kwenye udongo.

“Afadhali,” akasema. “Ungejua, usingekiweka.”

Akanisogezea sufuria nyingine.